Nyangumi Ananyonyesha

Katika kisa alichokuwa akilisimulia darasa la Kiingereza, mabaharia wa Maisara walikuwa wameshateremka mgongoni mwa nyangumi wakidhani ni kisiwa, wameshawasha moto wapike, simu yake ikatetemeka tena mezani. Hakuitazama. Mwalimu Rehana alishasema: asiyezungumza mbele ya darasa jioni hii hafaulu, na asiyefaulu hapati nafasi ya kusomea ukunga. Na ukunga Maisara aliutamani tangu aolewe, aletwe Birmingham.

"Zama hizo," aliendelea, maneno yakikimbizana, "walimchora nyangumi na magamba, na pembe, na meno ya zimwi. Wengi hawajamwona. Walisikia tu, wakaongeza chumvi."

Darasa likacheka. Mlango ukafunguka. Mumewe, Haidari, akaingia ameloa mvua, kambeba mtoto wao Yasir, anayelia mpaka sauti imekauka.

Maisara alimfuata mbio, akamnong'oneza kwa Kiswahili. "Si nimeacha chupa kwenye friji?"

"Mama yangu kayapikia chai."

"Maziwa yangu?"

"Kadhani ya dukani. Kanywa vikombe viwili, na kuisifu kaisifu."

"Yarabi! Na wewe?"

Haidari aliangalia viatu vyake. "Nilikuwa na kiu, mama Yasir."

"Toka naye nje, zamu yako nampa Jaspal," alisema Rehana, si kwa ubaya.

Maisara akasita. Akitoka, zamu imekwenda. Akibaki, ni kunyonyesha mbele ya wanaume, naye mkwewe humfunikia mtoto hata jirani akipita, asije akapigwa jicho la husuda. Yasir akalia tena. Kifua cha Maisara kikalowa chenyewe.

Akampokea mtoto, akavuta kiti, akageukia ubao, akampa ziwa chini ya mtandio. Kilio kikakatika.

"Zikapita karne," alisema, sasa polepole. "Wakatokea watu waliochoka kusikia. Nyangumi akitupwa pwani, wanampasua, wanatazama. Wakakuta mapafu kama yetu. Wakakuta..." Aliuvuta mtandio vizuri. "Wakakuta matiti. Na maziwa. Samaki gani huyo? Basi karne ya kumi na nane, wataalamu wakamtoa kwa samaki, wakamleta huku kwetu, kwa wanaonyonyesha."

Haidari, mlangoni, alikuwa amesahau kufunga mwavuli.

"Na chini ya maji," aliuliza Jaspal, "mtoto wake ananyonyaje bila kuzama?"

"Mama humrushia maziwa mdomoni. Mazito, yasipotee majini."

Rehana akatazama saa. "Muda wako umekwisha, Maisara."

"Sijamaliza, mwalimu," alijibu, akamhamishia Yasir ziwa la pili.

Rehana akaigeuza saa mkononi asiione tena, akachukua kalamu.

"Haya. Endelea."