Rehani ya Mwembesongo

Mstari mwekundu wa ramani ulipita katikati ya chumba alimolala Dadi, jumbe wa mtaa wa Mwembesongo. Aliutambua kwa kijito kilichochorwa pembeni na njia iendayo stesheni. Kwa siku mbili alikuwa amesimama mbele ya meza ya boma akipigania kila inchi ya mstari ule, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho, na hata mara moja hakuinamisha macho.

Tangu garimoshi lifike Morogoro, Bwana Shauri, Mdachi aliyeitawala wilaya, hakutaka tena kuona paa za nyasi karibu na reli. Cheche moja ingeteketeza mtaa mzima. Nyumba sitini za Mwembesongo zingevunjwa na kujengwa upya kwa safu zinazofuata mstari ule mwekundu, kuta za mawe, paa za bati. Boma lingekopesha vifaa, wenyeji wangelipa.

"Rupia sitini kila nyumba, miaka mitatu," alisema Akida Ahmadi, mtu wa Pangani aliyewekwa na boma juu ya majumbe wote.

"Kwa sitini, akida, hilo bati nitalivaa. Nguo nitakuwa nimeshauza."

"Nyinyi watu wa milimani mmezoea kulala na mbuzi. Bati mtalijulia wapi?"

"Mbuzi wetu hawatutozi kodi."

Bwana Shauri mwenyewe akacheka. Kufikia adhuhuri sitini zilikuwa zimeshuka hadi thelathini na tano, na miaka mitatu imekuwa mitano. Kilichobaki ni rehani: kila mtu aweke kiwanja chake, na atakayeshindwa kulipa, kiwanja kiwe mali ya boma. Karani akauliza kila kiwanja ni cha nani. Kodi ya vibanda ilikuwa ikiandikwa kwa majina ya wanaume, naye Dadi, kwa mazoea na kwa ulevi wa ushindi, akayataja majina hayohayo, sitini, bila kusita. Alasiri angetia dole kwa niaba ya wote.

Alikwenda nyumbani kifua mbele. Mkewe Mwaisha alikuwa uani akipepeta mchele.

"Thelathini na tano!" Dadi akasema. "Nimemkaba Mdachi mpaka kacheka."

"Na yeye kakukaba wapi?"

"Hakunikaba popote. Ni rehani tu ya kiwanja."

Ungo ukatulia mikononi mwa Mwaisha. "Kiwanja gani, baba Asia?"

"Hiki."

"Hiki cha mama yangu?" Hakupaza sauti. "Nyumba ni yako, uliijenga mwenyewe. Ukitaka ing'oe nguzo uende nayo. Lakini udongo huu uliukuta. Ulikuja hapa na panga na mkeka."

Dadi akautazama udongo chini ya miguu yake. Nani asiyejua, Uluguru yote, kwamba ardhi hupita kwa akina mama? Alilijua jambo hilo kabla hajajua kusema. Asia na wadogo zake walikuwa wa ukoo wa Mwaisha, si wa kwake. Siku moja wangelima hapa kwa jina la bibi yao. Na yeye, kwa kufurahia kicheko cha Mzungu, alikuwa amewawekea wanawe rehani kitu ambacho asingeweza kamwe kuwapa.

Alirudi bomani miguu mizito. Akamweleza akida kwanza, pembeni ya mlango.

"Nyamaza," Ahmadi akanong'ona. "Wewe tia dole. Mdachi hajui mambo yenu ya wanawake, na hatajua."

"Sisi tunajua."

"Jumbe, ukivunja neno lako mbele yake ni hamsa ishirini. Viboko ishirini na vitano, na ujumbe wako umekwisha. Mgongo wako umeuuliza?"

Dadi akampita mlangoni. Alikwenda moja kwa moja mezani, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje kwamba viwanja vyote sitini ni vya akina mama, si vya wanaume aliowataja. Askari wakaangua kicheko. Bwana Shauri hakucheka. Uso ulimwiva mwekundu, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Kesho asubuhi. Mwenye ardhi hapa. Hakuna mwenye ardhi, hamsa ishirini kwako."

Asubuhi ukungu ulikuwa bado haujapanda mlimani Shamsia alipoingia bomani. Alikuwa mama yake Mwaisha na mkubwa wa ukoo, mwanamke mfupi mwenye miguu iliyopasuka kwa mashamba ya mtelemko. Nyuma yake, uani, walisimama wenye viwanja wenzake, wanawake wengi kuliko Dadi alivyoweza kuhesabu. Bwana Shauri akamsomea masharti. Shamsia akasikiliza hadi mwisho, kisha akanena kwa Kiluguru, taratibu.

"Anasemaje?" akauliza Bwana Shauri.

Akida Ahmadi akatazama dari. Kiluguru alikijua, ila siku hiyo kilimpotea.

Dadi akasogea mbele. Angeweza kulilainisha neno lile, kulipaka asali, kama alivyofanya miaka yote ya ujumbe wake. Mgongo wake ulikuwa tayari ukiwaka kabla ya kuguswa.

"Anasema," akaanza, "kwetu anayekuja kuzungumzia ardhi hutaja kwanza ukoo wake. Anakuuliza mama yako ni nani, na udongo wa mama yako uko wapi. Ukishamjibu, ndipo atajua kama anaongea na mtu mwenye kwao."

Kalamu ya karani ikasimama. Nje mtoto mchanga alilia, akanyonyeshwa, akanyamaza. Bwana Shauri alimtazama yule mwanamke kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.

"Leteni benchi," hatimaye akawaambia askari.

Boma lile lilikuwa na benchi moja tu. Siku za baraza wazee walikaribishwa kulikalia. Siku nyingine watu walilazwa juu yake, wakashikwa mikono na miguu, wakachapwa hamsa ishirini. Askari wawili wakalibeba, wakalitua katikati ya chumba, wakasubiri amri. Dadi alilitazama, asijue limeletwa kwa ajili ya nani.

Shamsia, ambaye hakuwahi kuingia bomani kabla ya siku hiyo, alishukuru kama mgeni aliyepewa kiti, akaketi.