Dumu la Siku ya Zege

Hakuna aliyemtarajia mwanamke yule. Saa mbili asubuhi alisimama langoni na dumu la lita tano, mashine ya zege ikinguruma, akamshika mkono mtu wa kwanza aliyepita. Ilikuwa bahati yake kumpata Redio, kibarua aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa na pa kuzimia.

"Samahani, kaka. Mume wangu yumo humu. Mrefu, ana kovu shingoni."

"Ngamia! Kumbe Ngamia ana mke mzuri hivi?"

"Mnamwita Ngamia?"

Redio akaona haya. Jina alilitoa yeye. Siku ya kumwaga zege la sakafu ya juu, watu ishirini hujipanga ngazini wakipokezana makarai, na mstari haukatiki mpaka sakafu iishe. Choo kiko chini. Basi wanaume hawa walikuwa na ujanja wao: siku ya zege hunywi kitu, usije ukabanwa na mkojo ukawaangusha wenzako. Anayekaa muda mrefu bila maji kuliko wote hushangiliwa, na Ngamia hakuwahi kushindwa.

"Jana mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi," mwanamke alisema bila kupepesa macho. "Usiku kucha kashika kiuno. Humu nimetia chumvi na sukari kidogo. Nikimuuliza kama amekunywa, ananidanganya. Utamnywesha?"

"Nitamnywesha, shemeji."

"Na jioni uniletee dumu wewe mwenyewe, uniambie ukweli, hata uwe mchungu vipi. Nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga."

"Nakuahidi."

Dumu akaliweka chini ya ngazi. Saa nne alilikumbuka, lakini mdomo ukamtangulia.

"Ngamia! Mama watoto kakuletea uji wako! Tukufunge na kitambaa shingoni?"

Ngazi nzima ikaangua kicheko. Ngamia akapokea karai, akalipitisha. "Mwambie awape watoto," alisema. "Mimi nilishaachishwa ziwa." Wakacheka tena, Redio akicheka kuliko wote. Hakulitaja tena dumu.

Kufika saa saba bati la stoo lilikuwa haligusiki. Nguzo zilizomwagwa jana zilivikwa magunia, na kila nusu saa mtu alipita na mpira kuyalowesha. Nyapara, chini ya mwavuli wake, alihakikisha hilo mwenyewe. "Mwaga maji! Nguzo ikikauka ghafla inapasuka!"

Redio ndiye aliyegundua kwamba Ngamia hatoki jasho. Ngozi yake ilikuwa kavu kama mfuko wa saruji. Alinyoosha karai upande usio na mtu, akaliachia. "Mama," alimwambia Redio akiweweseka, "funga dirisha." Kisha akaanguka.

"Mvuteni kivulini!" nyapara alipaza sauti. "Mstari usikatike, tumebakiza kipande kidogo!"

"Nipe mpira, bosi."

"Hayo maji ya nguzo."

Redio akatoka kwenye mstari. Akazivua nguzo magunia yake mabichi, akamfunika nayo Ngamia, akammwagia dumu lote kichwani na kwapani, maana kumeza alikuwa hawezi tena. Akampakia kwenye toroli na kulisukuma mbio hadi zahanati. Alipogeuka mara moja, aliona wale wawili walioachwa na pengo wamesogeleana. Makarai yalikuwa yakipita.

Muuguzi alimgusa Ngamia akashtuka kwa lile joto. Walimpepea, wakatuma mtu kutafuta barafu. Barafu ilifika, Ngamia akiwa ameshakata roho.

Nyapara alikuja saa kumi, sakafu ilipokwisha, akiwa ameshabadilisha shati.

"Alikuja mgonjwa, Redio. Mkewe mwenyewe alileta dawa langoni, watu wamemwona. Sema hivyo, kesho uko kazini, tena nakupa usimamizi wa mstari. Ukisema vingine, hutashika karai kwenye jengo lolote mji huu."

Redio alimpita, akarudi jengoni. Alichukua dumu.

Mwanamke alitokea mlangoni akitabasamu, akatazama nyuma ya mgeni wake kumtafuta mumewe. Kisha akalipokea dumu, akalitikisa.

"Tupu! Amekunywa yote?"

Neno moja tu lingetosha. Ndiyo. Angelala na faraja hiyo walau leo.

"Hakunywa, shemeji. Amefariki. Nilimcheka mbele ya watu, akaona aibu kunywa. Maji nilimmwagia akiwa ameshaanguka. Nyapara atakuja kukuambia alikuwa mgonjwa. Usikubali. Nitayasema haya mbele ya yeyote."

Dumu likampiga usoni. Likaanguka, likabingirika hadi kizingitini. Redio akainama, damu ikimtoka puani, akaliokota na kumrudishia kwa mikono miwili.