Waliomponya Mke Wangu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, siku daktari mkuu alipomtangazia mke wangu kwamba amepona kansa. Manesi wakapiga makofi kama wako harusini.

"Na hii ganzi ya vidole, daktari?" mke wangu akauliza. Tangu zile dripu za dawa, vidole vyake havikujua tena baridi wala moto.

"Mama, wewe una bahati. Ganzi ni kitu kidogo, itaondoka yenyewe."

"Lini?"

Bwana mkubwa alikuwa ameshashika mlango.

Kitu kidogo! Mke wangu alikuwa fundi cherehani kwenye kiwanda cha sare za shule. Fundi anashona kwa vidole, macho yanafuata tu nyuma. Sasa sindano ikimchoma, alijua akishaona damu kwenye shati jeupe. Nyumbani nikimshika mkono ananitania, "Kumbe umeshanishika, baba? Uwe unapiga hodi."

Alichotaka ni kimoja tu, kazi yake isimponyoke. Akamwomba msimamizi, kijana wa tai na kikohozi cha kutafutia heshima, amweke kwenye meza ya kukunja nguo mpaka vidole virudi.

"Dada, hospitali imesema umepona. Au umeshazoea kudekezwa?" Wenzake wakacheka, maana bosi akicheka nani atanuna? "Sindano ikikushinda, nenda kwenye pasi. Pasi haina utaalamu."

Haina utaalamu! Huyo hata tai yake ananyooshewa.

Mafundi wa pale wote hupima pasi kwa namna moja: unalowesha kidole kwa mate, unagusa chuma, unaondoa haraka. Mke wangu alifanya hivyo tangu usichana wake, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Asubuhi yake ya kwanza kwenye pasi akagusa. Wapi! Mashine zinanguruma, hata mlio wa mate kukauka hakuusikia. Akadhani pasi haijashika moto. Ili ahakikishe, akaweka kiganja kizima.

Aliyepiga kelele ni jirani yake wa meza, baada ya kusikia harufu.

Kidonda kiligoma kufunga. Kikaoza, sumu ikaingia kwenye damu, nikazika.

Nikamfuata daktari mkuu ofisini kwake.

"Pole sana, mzee. Lakini tuelewane, kansa haikumuua. Kansa tuliishinda."

"Mkaishinda, halafu?"

Akasema niwaulize wenye kiwanda. Nikaenda. Msimamizi akakohoa kidogo: "Mzee wangu, ganzi si sisi tuliomtia."

Hodari wa kutupiana mpira, wote wawili. Mimi niliishia darasa la nne, labda nauliza ujinga, ila nimewauliza huko na huko na bado nauliza: katika nyinyi wasomi wote, nani alimwonya mke wangu kwamba asiviamini tena vidole vyake?