Mama Kostansia Yuko Nyuma

Leya alikuwa amekaa kwenye meza ya mbao kando ya mfereji, viatu kavivua, anapaka vaselini katikati ya vidole vya miguu, alipomwona mama yake akija. Ilikuwa siku ya pili ya hija, saa ya chakula cha mchana. Mama alikuwa akichechemea kwa sababu ya goti la kushoto lililovimba, na kitenge chake cha kijani kilifungwa kifuani vilevile alivyokifunga siku waliyokimbia mlimani. Alipofika alisalimia meza nzima, kisha akauliza kama yale maji ya chupa ni ya watu au ni ya kuuza.

"Ni ya watu, maman," Leya akasema. "Karibu ukae."

Mama Kostansia alikuwa amekufa yapata miaka ishirini iliyopita. Watu walisogeleana kwenye benchi, akapata nafasi.

Njia yenyewe ni ya zamani. Mapadri wa kwanza waliipita kwa miguu kabla mfereji haujachimbwa, na Wakatoliki wa Buffalo bado huitembea kila kiangazi hadi kanisa kubwa la Lackawanna. Mwaka huu Nyanchama, muuguzi Mkenya wa mtaa wa Kensington-Bailey asiyeweza kuandaa jambo bila kualika nusu ya Marekani, aliwaita na Wakongo: wa Buffalo, wa Columbus, na wa Louisville waliokuja na basi dogo la kanisa lao. Wakongo hao ni Waprotestanti wa milima ya Kivu Kusini, hija si desturi yao. Lakini kutembea kutwa na mzigo, hilo hawakuhitaji kufundishwa na mtu. Leya aliomba likizo kwenye ghala anakofanya kazi, akafunga nyumba yake ya Whitehall, pembeni mwa Columbus, akaja.

Watu wa Louisville waliongozwa na Mzee Ruberwa. Ndiye aliyewaongoza pia siku zile, waliposhuka mlimani na ng'ombe wao wakiikimbia vita. Kanisani anaheshimiwa mno, na ushuhuda wake wa safari ile umesimuliwa hadi watoto waliozaliwa Kentucky wanaujua kwa moyo. Mama Kostansia alishindwa kutembea. Mzee aliwatanguliza wengine na ng'ombe, Leya akiwa miongoni mwao, akabaki na mgonjwa. Jioni aliwafikia peke yake, mikono ina udongo, akasema mama amefariki na amemzika kwa wimbo. Leya alilia, akamshukuru. Tangu hapo, kila Krismasi, humpigia simu kumshukuru tena.

Pale mezani watu wa Kivu hawakumuuliza mama kitu. Walitazama nywele zake tu. Kwao inajulikana kwamba aliyezikwa, akija kuwaona watu wake, huja na udongo kwenye nywele, hukaa kidogo, kisha hurudi kulala. Asiyezikwa huja safi, naye hutembea, maana hana pa kurudi. Nywele za Mama Kostansia zilikuwa safi kabisa. Mzee Ruberwa alizitazama, akainuka, akasema wasonge mbele, jua lilikuwa kali.

Leya alibaki nyuma na mama yake.

"Maman, baba Ruberwa alikuzikaka?"

"Anizike namna gani, na nilikuwa mzima?" Mama hakusema kwa hasira. "Aliniikalisha pa jiwe, akanipatia maziwa kidogo. Akasema, donc, ngombe haziwezi kungoja, zitakufa kiu. Nitakurudilia kesho. Bon, nikangoja."

"Ukangoja mpaka lini?"

"Mpaka nikachoka kungoja."

Kwa Leya msiba ukawa wa leo. Miaka yote hiyo alikuwa akishukuru kwa kaburi ambalo halikuwapo. Alichotaka sasa kilikuwa kimoja: Mzee aseme ukweli mbele za watu, kama alivyosema uongo mbele za watu. Asiyezikwa anaweza kuzikwa hata akiwa mbali. Huchimbwa shimo dogo, huwekwa jiwe, watu huimba, naye hutulia. Ila lazima aanze yule aliyemwona wa mwisho, aseme alimwacha wapi na vipi. Bila maneno hayo, jiwe ni jiwe tu.

Jioni walilala kwenye ukumbi wa parokia moja njiani. Nyanchama aligawa magodoro, akafika kwa mama, akasimama mkono kiunoni.

"Sasa mum atalala wapi? Tuko na mattress moja extra. But hiyo goti inataka barafu, wacha nimletee."

Akamfunga barafu kwenye taulo. Asubuhi barafu ilikuwa haijayeyuka hata kidogo, Nyanchama akairudisha kwenye friji ya parokia.

Leya alimkuta Mzee nje, anakula maharage kwenye sahani ya karatasi. Alimsalimia kwa mikono miwili, akachuchumaa.

"Baba, mama ameniambia."

"Nimemwona," Mzee akasema. "Mwanangu, wewe ulikunywa ile maziwa njia mzima. Watoto walipona sababu ya ile ngombe."

"Sikatai, baba. Nataka tu useme."

"Nitasema. Lackawanna, siku ya ushuhuda. Mungu ananisikia."

Leya alimwamini. Alilala fofofo, jambo ambalo miguu yenye malengelenge haikutarajiwa kumruhusu.

Siku zilizobaki, Mzee Ruberwa alitembea mbele kwa kasi isiyolingana na umri wake, na vijana wakalalamika kwamba wamekuja kusali, si kushindana. Mama Kostansia alikuwa nyuma. Kila jioni alifika baada ya wote kula, na kila jioni alikuta sahani yake imefunikwa. Nyanchama alipoelezwa habari ya jiwe, alimpigia simu padri wa Lackawanna, akapewa pembe moja ya bustani ya maua na koleo dogo.

Lackawanna, baada ya misa, walishuka kwenye ukumbi chini ya kanisa. Mama alikaa safu ya mbele, mguu kaunyoosha. Mzee Ruberwa alisimama, akavua kofia, akaanza: mlima, moshi, ng'ombe, mto. Sauti ilimtetemeka pale inapotetemeka siku zote. Alipofika kwa mwanamke aliyeshindwa kutembea, alinyamaza. Alimtazama Mama Kostansia, naye akamtazama, akiwa tayari kusikiliza. Leya alikuwa ameshikilia kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili.

"Nikamzika kwa wimbo," Mzee akasema.

"Amen," watu wakaitika.

Ushuhuda wa mzee haukatizwi, na Amen hutoka kabla mtu hajafikiri. Mama Kostansia, mwanamke aliyelelewa vizuri, aliitika pamoja na wenzake. Na Leya aliisikia sauti yake mwenyewe ikiitika pia, kubwa, wazi, kama alivyofundishwa tangu utotoni.

Nje walipiga picha kwenye ngazi. Nyanchama alirudisha koleo kwa padri, halijagusa udongo.

"Sasa tunaenda wapi?" mama akauliza.

"Columbus, maman. Kwangu."

"Ni mbali?"

"Ni mbali."

"Bon," mama akasema, akakaza kitenge.

Leya alimfungulia mlango wa gari lake, aliloliacha hapo kabla ya hija. Mama alikaa, lakini kiti hakikumpokea, maana asiyezikwa hutembea; akajikuta amesimama tena barabarani. Basi Leya akawasha taa za dharura, akaendesha pembeni kabisa mwa barabara kuu, mwendo wa goti lililovimba, huku akimtazama kwenye kioo anavyotembea nyuma, na machozi yakimtoka. Polisi mmoja aliwasimamisha. Alipoelezwa, alisema sawa, ila wasivuke mstari mweupe.

Hawakuwa wamefika mbali basi dogo la Louisville lilipowapita. Mzee Ruberwa alikuwa kiti cha mbele. Dereva alipiga honi ya salamu, naye Mzee akapunga mkono dirishani. Mama Kostansia alimpungia pia, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima, akaendelea kutembea.