Forodha wa Ghorofa ya Tatu

Dada wa usafi wa ghorofa ya tatu alikuwa na maneno ya kuhesabu. Ukimsalimia aliitika huku akitazama dekio lake, na kabla hujamwuliza jambo la pili alikuwa ameshafika mwisho wa korido. Wanafunzi wa bweni lile la wasichana walimbandika jina la Forodha, kwa sababu hakuna sanduku lililofika ngazi za nyuma likasalimika mikononi mwake.

Jengo lilikuwa na ngazi mbili. Za mbele zilikuwa pana, za watu wote. Za nyuma zilikuwa nyembamba, zenye mlango mwekundu, zilizojengwa kwa ajili ya siku ya moto. Kwa kuwa siku hiyo haikuwahi kufika, wanafunzi walizigeuza stoo. Muhula ukikaribia kwisha walifungasha mapema na kupanga masanduku pale, ngazi kwa ngazi, hata panya akitaka kupita ilibidi aombe njia.

Kando ya mlango ule palitundikwa kibao cha masharti. Forodha aliacha shule darasa la tano, mama yake alipofariki naye akachukuliwa na mama yake mdogo. Kusoma kwake kulikuwa kwa kubabaisha. Lakini alideki chini ya kibao kile kila asubuhi kwa miaka miwili, akikisoma silabi kwa silabi, mpaka kikamkaa kichwani kama sala. Njia ya dharura iachwe wazi wakati wote. Usichemshe maji chumbani. Ukiona moto, vunja kioo, piga kengele. Toka, usirudi kuchukua kitu. Wasomi wenyewe walikipita kama wanavyoupita ukuta.

Basi kila asubuhi aliyabeba masanduku na kuyahamishia kwenye chumba cha kupigia pasi, ambacho hakikuwa na mtu tangu pasi yake ilipoharibika. Malalamiko yakaanza. Huyu gurudumu lake limevunjika, yule hajui nguo zake zilipo. Mwisho msichana wa chumba namba kumi na mbili, aliyekuwa akisomea sheria na mwenye ulimi wa pilipili, akashuka ofisini kushtaki. Msimamizi wa bweni akamwita Forodha na kumwambia, mbele ya mshtaki, kwamba mali ya wanafunzi haiguswi. Akigusa sanduku moja tena, Jumatatu asije kazini.

"Lakini kibao, mama," Forodha alisema.

"Kibao hakikukuajiri. Nilikuajiri mimi."

Nyumbani mama mdogo alimsikiliza huku akichambua mboga. Akamkumbusha kwamba kazi ile aliipata baada ya kuhangaika mwaka mzima, na kwamba akiambiwa ayaache, ayaache. Kisha akauliza, jani likiwa mkononi.

"Hao watoto wako wangapi humo?"

"Ghorofa yangu peke yake, hamsini na wawili."

"Mh," alisema mama mdogo. "Basi mimi sijasema kitu."

Jumamosi asubuhi Forodha alikuta masanduku kumi na tisa. Kubwa kuliko yote lilikuwa la yule wa sheria, la zambarau, limefungwa kamba. Alilitazama hilo, akakitazama na kibao. Halafu akajifunga kibwebwe na kuinama. Saa tatu na nusu, la zambarau likiwa la mwisho, ngazi zilikuwa tupu.

Siku hiyo umeme ulikuwa wa kuja na kuondoka. Msichana wa chumba namba mbili, jirani na ngazi za mbele, alikuwa ametumbukiza koili kwenye ndoo ya plastiki achemshe maji ya kuoga, jambo ambalo kibao kilikataza waziwazi. Umeme ukakatika. Akasubiri, akachoka, akanawa uso kwa maji ya bomba na kukimbilia maktaba. Koili akaiacha ndani ya ndoo, swichi ikiwa imewashwa. Umeme uliporudi, maji yalichemka mpaka yakakauka, ndoo ikayeyuka, godoro la pembeni likashika.

Forodha alikuwa katikati ya korido aliposikia harufu ya plastiki. Akainua macho. Moshi mweusi ulikuwa ukitoka chini ya mlango namba mbili na kuelekea ngazi za mbele.

Aliacha kudeki. Kisha kibao kikaanza kusema kichwani mwake. Akavunja kioo kwa mpini wa dekio, kengele ikalia.

Hakuna aliyetoka. Kengele ile ilikuwa imechezewa mara nyingi mno. Kutoka chumba kimoja mtu aliuliza ni nani tena anayewaharibia usingizi. Ndipo Forodha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Moto! Tokeni, ngazi za nyuma!"

Sauti ilikuwa kubwa hata yeye mwenyewe aligeuka kutazama nani amesema.

Katika bweni lile hakuna aliyeingia chumbani na viatu. Kila msichana aliacha ndala zake mlangoni, na akitoka kwa viatu alizifungia ndani. Forodha, kwa kuzisogeza kila siku akideki, alijua kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: ndala nje, mtu ndani. Alikimbia mlango kwa mlango. Palipo na ndala aligonga kwa mpini mpaka pafunguliwe, pasipo na ndala alipita. Hakupoteza hata hatua moja, na alikuwa akihesabu.

Mlango namba kumi na mbili ulikuwa na jozi moja. Aligonga mara tatu. Yule wa sheria akatokea na vipokea sauti shingoni, tayari kwa ugomvi, kisha akauona moshi. Akageuka ndani.

"Tasnifu yangu. Kompyuta yangu iko mezani."

Forodha akaweka dekio mbele yake kama komeo. "Usirudi kuchukua kitu. Imeandikwa."

Msichana akafungua kinywa abishe, akakohoa, akaenda.

Walishuka ngazi za nyuma haraka, bila kusukumana wala kujikwaa. Uani, wengine peku, wengine na nguo za kulalia, walisimama wakilia na kukumbatiana. Zimamoto walipofika, ghorofa nyingine zikiwa zimeshatoka, mkubwa wao aliuliza nani amebaki ghorofa ya tatu. Msimamizi akaanza kupekua daftari lenye majina ya bweni zima.

"Hakuna," Forodha alisema. "Walikuwemo thelathini na mmoja. Wote wako hapa."

"Umejuaje?"

"Ndala."

Moto ulipozimwa, mkubwa wa zimamoto alirudi na masizi usoni. Alisema ngazi za mbele zilijaa moshi ambao mtu asingeupita akiwa hai. Akaongeza kwamba ameingia mabweni mengi, na kwenye ngazi za nyuma hukuta vitanda, masanduku, siku moja hata friji.

"Hizi nani alizisafisha?"

Forodha alitazama chini, akiifikiria Jumatatu. Aliyejibu ni msichana wa sheria.

"Yeye. Na mimi ndiye niliyemshtaki ili afukuzwe."

Msimamizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Jumatatu uje," alimwambia Forodha. "Uje utusomee hicho kibao, na mimi nikiwemo."

Vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakatoka kutazama kama pana harusi.

Mama mdogo aliposikia, alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba yeye ndiye aliyemshauri ayahamishe. Forodha hakumbishia.

Jumatatu ngazi za nyuma hazikuwa na hata begi la mkononi. Ukumbini Forodha alisimama mbele ya wasichana hamsini na wawili, kidole chini ya maneno, akisoma polepole. Mahali pawili alikwama, nao wakamsubiri. Alipofika kwenye toka, usirudi, hakuhitaji kumaliza. Walimalizia wote, na sauti ya yule wa sheria ndiyo iliyosikika zaidi.