Shule Iliyohamia Kwenye Mkonge

Asubuhi moja ya mwaka 1931, Kamugisha alimchana bintiye Tekla nywele, akamfungia muhogo kwenye jani la mgomba, wakaongozana hadi shule ya Kinondoni. Hawakuikuta. Ilikuwa imesogea usiku, sasa ilisimama upande wa Ubungo, kengele yake mahali pake. Mwalimu alikuwa akiita majina. Tekla akavuka umande akaingia darasani.

Kamugisha, mgane kutoka Bukoba, alikuwa karani wa elimu. Kazi yake ilikuwa kuiandikia Serikali mambo ya nje yanayokwamisha shule zilizojengwa kwa fedha za Uingereza: nzige, homa, mafuriko. Hakukawia kung'amua kwamba shule ilitembea kila bei ya katani iliposhuka London, na kwamba ilielekea shamba la mkonge ng'ambo ya Ubungo. Shamba hilo halikuweza tena kulipa watu wazima.

Majirani hawakukaa bure. Mwanaasha, muuza vitumbua, alihama na jiko lake akiifuata shule, maana tumbo halina likizo. Mzee Marijani akakusanya wanaume, wakaifunga shule kwenye mnazi kwa kamba nene. Bahati mbaya kamba yenyewe ilikuwa ya katani. Usiku ule shule ilikwenda mbali kuliko siku zote, maana kamba ilijua kwao, ikavuta. Mnazi nao ukaenda.

Hapo Kamugisha aliogopa kweli. Akamzuia Tekla nyumbani, lakini mwalimu alipoita jina lake kutoka huko mbali, miguu ya mtoto iliitika. Ndipo baba mtu akamwendea Bwana Mkaguzi, Mwingereza aliyepokea taarifa zake, akamweleza kwamba jambo la nje ni bei ya London, na kwamba mwanawe yumo ndani ya shule hiyo. Mkaguzi alimsikiliza kwa upole hadi mwisho.

"London si nje, Kamugisha," alisema. "Nje ni huku. Andika mvua."

Kamugisha alikuwa na kazi moja na mtoto mmoja. Aliandika mvua, ingawa ardhi ilikuwa imepasuka kwa kiangazi.

Bei iliposhuka tena, shule iliingia katikati ya mkonge ikatulia. Watoto waliingia mlango wa mbele wakiimba alfabeti, wakatokea wa nyuma na visu mkononi. Jioni Tekla alimwamkia baba yake shikamoo kama kawaida. Viganja vyake vilikuwa vimevimba kwa utomvu. Baba akamuuliza wamesoma nini.

"Hesabu, baba. Matita ya mkonge yakitimia, tunaruhusiwa kurudi."

Baba alimpaka viganja mafuta ya nazi. Mwisho wa mwezi Mkaguzi alimpongeza: katika shule ile hakuna mtoto hata mmoja aliyekosa kuhudhuria.