Saa ya Gari la Bi Aysha

Mimi dashibodi isiyo na saa siiheshimu. Siku hizi wanabandika kioo kikubwa kama televisheni, kina ramani, muziki na hali ya hewa, na saa wameisukumia pembeni kwa tarakimu ndogo, utadhani wanaionea aibu. Katika karakana yangu hapa Greyville nawaambia wateja wazi: saa ya mviringo, yenye mishale, ndiyo uso wa gari. Mke wangu Gracieuse anasema ninaanza kuzeeka.

Basi Yacoob wa Sydenham aliponiletea gari la marehemu baba yake, la Kijerumani, la mwaka 1979, nilifurahi kweli. Katikati ya dashibodi kulikuwa na saa kubwa yenye mishale ya rangi ya machungwa, imesimama. Binti wa Yacoob, Thaakira, alikuwa anaolewa Jumamosi, wiki mbili baadaye. Mama yake Yacoob, Bi Aysha, alikuwa ameapa kwamba tangu mumewe afariki hapandi gari lingine ila hilo. Na Thaakira naye kaapa: bila Bibi, hatoki nyumbani.

"Na hii saa, ilikufa lini?" nilimuuliza Yacoob.

"Eish, Hardy, hiyo ilikuwa inadanganya tangu mimi mtoto. Baba alikataa kuirekebisha."

"Usijali, grand, ndugu yangu mukubwa. Mimi nitaitengeneza muzuri."

Nilihangaika na gari hilo wiki mbili. Mbao nilizipiga msasa na vanishi, ngozi nikaishona kwa mkono. Saa niliifungua mwenyewe, nikaisafisha, nikaitia tone la mafuta mpaka ikaanza kutembea. Nikaiweka sawa na simu yangu, dakika kwa dakika. Nilijiona fundi haswa.

Jumamosi asubuhi nililipeleka gari mwenyewe. Bi Aysha alitoka ananukia marashi, akaketi kiti cha mbele, akaitazama dashibodi. Kisha akashuka.

"Hili si gari langu. Mmelibadilisha."

Thaakira akaanza kulia, wanja ukamchuruzika mashavuni. Yacoob akanikodolea macho. Damu ilinipanda. Wiki mbili!

"Mama, iko gari ile ile! Ata saa nimeitengeneza, inatembea muzuri!"

Bi Aysha alinitazama kwa upole, na upole huo ukaniudhi zaidi.

"Sasa hivi saa ngapi, mwanangu?"

Nikachungulia ndani. "Saa ine, mama."

"Mshale mfupi uko wapi?"

"Iko kwa kumi."

"Basi mbona umesema nne?"

Nikachungulia tena. Miaka arobaini ninasoma saa, mshale unaonyesha kumi, mdomo unasema nne, na hata siku moja sijajiuliza. Niliona haya, halafu kicheko kikanitoka bila kutaka.

"Mimi sikusoma," alisema Bi Aysha. "Mume wangu alinifundisha saa ndani ya gari hili. Akasema hataki nihesabu mara mbili. Jua limetoka, saa moja, basi na mshale ukae kwenye moja. Akaipanga hivyo, na hakuna aliyeigusa tena."

Yacoob alishika kichwa. "Yoh! Na sisi miaka yote tunamcheka mzee, ati saa yake mbovu!"

Niliinama ndani ya gari nikazungusha kitufe. Mishale ilizunguka polepole, ikapita kumi na mbili, ikapita moja, mpaka ule mfupi ukatua kwenye nne. Mimi niliyekuwa tayari kwa ugomvi nilijikuta nafuta macho kwa kitambaa cha kung'arishia mbao.

Bi Aysha alipanda tena. Aligusa kioo cha saa kwa kidole, akavuta mkanda, akageuka nyuma.

"Thaakira, futa uso, kisha upande gari. Na wewe Yacoob, washa gari. Saa nne imeshapita, na baba yako hapendi kuchelewa."